Vikokotoo vya safari za ndege: kilomita sawa, saa hapana

Vikokotoo vya mtandaoni vinavyopima umbali kati ya miji hupatia kwenye kilomita, kwa kuwa hufuata njia fupi kuliko zote juu ya tufe la dunia. London hadi New York hutoa takriban 5,550. Shida ni muda. Vingi hugawanya umbali kwa mwendo mmoja, tuseme kilomita 800 kwa saa, kisha huongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Jibu: saa 7 na dakika 26, iwe kwenda au kurudi! Ratiba halisi husema kama saa 8 kuelekea New York na 7 kurudi, maana upepo mkali wa huko juu huvuma kutoka magharibi.

Kibaya zaidi, havijui anga iliyofungwa. Helsinki hadi Tokyo hukupa saa 10 na ushee, ilhali tangu 2022 ndege za Finnair, shirika la Finland, huikwepa anga ya Urusi na hutumia takriban 13.

Ukipanga kuunganisha ndege, shika ratiba ya shirika. Humo zimo hata dakika za kutambaa uwanjani. Ila saa za kwenye tiketi ni za kila mji, kwa hiyo rekebisha tofauti ya majira kabla ya kutoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika.