Kamera ya Darubini na Mwanga Usiotakiwa: Unapenya Wapi?

Habari zenu, watazamaji. Iliyo mbele yangu leo ni kamera ya rangi ya darubini, yenye kihisi (chipu inayonasa mwanga) cha aina ya CMOS kinachopozwa, na nakiri kwamba wiki ya kwanza nilikaribia kuirudisha kwa aliyeniuzia, kwa kuwa kila picha ya sekunde 300 ilikuwa na utando wa mwanga uliotambaa kutoka ukingo mmoja hadi katikati.

Kabla ya kuilaumu, nilipiga picha za giza, yaani picha zinazopigwa bila mwanga kuruhusiwa kuingia, za namna mbili, muda na joto la kihisi vikiwa vilevile. Za kwanza nilizipiga kamera ikiwa peke yake, imefunikwa na kufungiwa kabatini usiku. Za pili ikiwa imefungwa kwenye darubini iliyofunikwa mdomo, taa ya chumba ikiwaka. Katika zile za kwanza palikuwa na mng'ao hafifu pembeni, usiohama wala kubadilika umbo. Huo hutoka kwenye saketi za kihisi chenyewe, na huondoka ukiitoa kwenye picha yako, kwa hesabu ya kutoa, picha ya giza iliyopigwa kwa muda, joto na geini (kiwango cha kukuza ishara ya kihisi) ileile. Ule utando mpana ulionekana katika za pili tu, kwa hiyo mwanga ulikuwa unatoka nje.

Hapa ndipo macho hutudanganya. Kifuniko cha plastiki tunachokiona cheusi kinaweza kupitisha mionzi ya infraredi, ambayo kihisi cha silikoni huipokea. Nilipokizungushia karatasi ya aluminiamu, utando ulipungua lakini haukwisha. Nikazima taa, nikawa napiga picha za sekunde 10 huku nikimulika tochi kwenye kiungo kimoja kimoja. Mrija wa kurekebisha fokasi ulivujisha kidogo. Mlango hasa ulikuwa nyuma ya kioo kikuu, maana darubini yangu ni ya Newton, inayokusanya mwanga kwa kioo cha kuakisi badala ya lenzi, na sehemu hiyo huachwa wazi ili kioo kipoe. Kofia ya kitambaa kizito cheusi, iliyoachiwa nafasi ya hewa kupita pembeni, ilimaliza kazi.

Msitegemee picha za kusawazisha mwanga, yaani zile za uso wenye mwanga sawa kote, ziwaokoe, kwa sababu picha yako hugawanywa kwa hizo, ilhali mwanga uliopenya umejumlishwa juu ya picha.

Duara linalozunguka nyota angavu ni jambo jingine: hilo ni mwakisi kati ya kihisi na kioo au kichungi kilicho mbele yake. Zidisha kipenyo cha duara kwenye kihisi kwa namba ya f (urefu wa fokasi wa darubini uliogawanywa kwa kipenyo chake), kisha gawanya kwa 2. Duara la milimita 4 kwenye darubini ya f/5 linaonyesha uso ulio umbali wa milimita 10, nami nilipopima nilikikuta kichungi changu papo hapo.

Kamera yenyewe, basi, naipendekeza. Lalamiko langu ni taa yake ndogo ya buluu ya kuonyesha umeme, ambayo nimeibandika utepe mweusi tangu usiku wa pili.