TAHADHARI: Risasi za Kisovieti zinazouzwa Texas kwa madai kwamba hazileti kutu

Ndugu zangu mnaomiliki bunduki kwa mujibu wa sheria hapa Texas, hasa wenye Mosin-Nagant, ile bunduki ndefu ya jeshi la Urusi, na bunduki nyingine za kijeshi za karne iliyopita, nawaomba msome tahadhari hii kabla ya kununua risasi kwenye maonyesho ya bunduki. Kuna muuzaji anayezunguka kwenye maonyesho hayo, na ambaye huweka pia matangazo mtandaoni, anayetoa risasi za 7.62x54R, yaani kipimo kinachotumiwa na Mosin-Nagant, kutoka kwenye madebe ya bati ya jeshi la Kisovieti, akazipanga upya katika vikasha vyeupe vya risasi ishirini ishirini, kisha akabandika lebo inayosema kwamba ni risasi za kisasa ambazo fataki zake, yaani kile kidude kidogo kwenye kitako cha ganda kinachowasha baruti, hazileti kutu. Madai hayo ni ya uongo, na mtu akiyaamini anaweza kuharibu mtutu wake kabisa.

Jambo hili lilijulikana baada ya kaka yetu mmoja anayeishi kusini mwa Houston, karibu na pwani, kununua vikasha kadhaa pamoja na chupa ya mafuta ambayo muuzaji huyo alimhakikishia kuwa yanatosha kusafishia. Alipiga shabaha, akapitisha kitambaa chenye mafuta hayo ndani ya mtutu, akaiweka bunduki kabatini. Alipoitoa tena, mtutu ulikuwa mwekundu kwa kutu kutoka chemba, yaani mahali risasi inapokaa, hadi mdomoni, na uso wa bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, ulikuwa umeanza kutoboka vishimo vidogo vidogo. Ni Mosin-Nagant 91/30 iliyokuwa imetunzwa vizuri kwa miongo mingi, na vishimo hivyo havifutiki tena kwa brashi wala kwa dawa yoyote.

Alinipa risasi zilizosalia nikazichunguza. Kwenye kitako cha kila ganda kulikuwa na namba 188 upande mmoja na 78 upande wa pili. Namba 188 ni alama ya kiwanda cha Novosibirsk, na 78 ni mwaka 1978. Risasi za jeshi la Kisovieti za aina hii, za miaka hiyo, zichukuliwe zote kuwa zina fataki zenye klorati ya potasiamu, kemikali ambayo ikilipuka huacha chumvi inayoleta kutu, hata kama lebo mpya iliyochapishwa juzi inasema vinginevyo. Sikutaka kumshutumu mtu kwa kutazama namba peke yake, kwa hiyo nilifanya jaribio la msumari. Unang'oa kichwa cha risasi, unamwaga baruti yote, unabaki na ganda lenye fataki tu. Ganda hilo unaliweka kwenye bunduki na kufyatua huku mdomo wa mtutu ukielekezwa mahali salama, juu ya msumari wa chuma uliosuguliwa ukang'aa. Msumari wa pili unaufanyia hivyohivyo kwa fataki ya kisasa unayoijua, kisha yote miwili unaiacha mahali penye unyevunyevu usiku kucha. Asubuhi msumari wa fataki za muuzaji huyu ulikuwa umefunikwa na kutu ya rangi ya chungwa, na ule mwingine ulikuwa safi. Mtakaofanya jaribio hili msisahau kwamba bunduki iliyofyatua fataki peke yake imepata chumvi ileile, nayo lazima isafishwe.

Sababu yake ni rahisi kueleweka. Klorati ya potasiamu ikilipuka inaacha kloridi ya potasiamu, ambayo ni chumvi iliyo jirani sana na chumvi tunayotia kwenye mboga. Chumvi hiyo haiuli chuma siku hiyohiyo unapopiga. Hujificha kwenye vinyweleo vya chuma, ikavuta unyevu wa hewani, na kutu ikaanza. Katika jangwa la Arizona mtu anaweza kuchelewa siku kadhaa asione kitu, lakini kwa hewa ya Houston au Galveston saa chache zinatosha. Hapo ndipo ubaya wa ile chupa unapoonekana, kwa kuwa chumvi haiyeyuki katika mafuta, na kupaka mafuta juu yake ni kuifunika tu ikiendelea kula chuma chini yake.

Muuzaji huyu akiulizwa ana majibu yaliyo tayari. Atakuambia kwamba ganda lenye rangi ya shaba ni la kisasa, ilhali maganda ya chuma yaliyopakwa shaba yametengenezwa miaka mingi sana, na rangi haisemi lolote kuhusu kilichomo ndani ya fataki. Atakuambia kwamba mitutu iliyopakwa kromu haiwezi kudhurika. Lakini mtutu wa Mosin haukupakwa kromu, na hata kwa SKS zenye mtutu wa kromu, bunduki za Kisovieti zinazotumia risasi za kipimo kingine lakini ambazo nazo za jeshi zina fataki za namna hii, pistoni, bomba la gesi na uso wa bolti mara nyingi ni chuma kitupu. Atakuambia pia upulizie dawa ya vioo yenye amonia eti inaua chumvi. Amonia haiui chumvi hiyo. Kinachosaidia ndani ya dawa ile ni maji, na maji yanapatikana bure jikoni.

Kwa wale ambao tayari wamezipiga risasi hizi, chukueni hatua leo. Hakikisheni bunduki haina risasi, toeni bolti, tumieni faneli yenye mpira mwembamba kumimina maji ya moto kutoka upande wa chemba yatokee mdomoni, bila kulowesha mbao. Wanajeshi wa Uingereza walikuwa na faneli yao maalumu kwa kazi hii, maana fataki za zama zao zilikuwa na chumvi ileile. Maji ya moto yanayeyusha chumvi, na joto linalobaki kwenye chuma linasaidia kukikausha. Ifungueni bolti, mkaioshe kichwa chake na pini ya kufyatulia. Wenye SKS waliopiga risasi za kipimo chake zenye fataki kama hizi waloweke pistoni na bomba la gesi, sehemu ambayo wengi huisahau. Pitisheni vitambaa vikavu kwa mdeki mpaka vitoke bila unyevu, ndipo mfuate na dawa ya kawaida ya kuondoa masizi ya baruti, na mwisho kabisa mafuta. Kesho yake pitisheni kitambaa cheupe; kikitoka na rangi ya kutu, rudieni kuanzia kwenye maji.

Napenda ieleweke kwamba sizipingi risasi hizi zenyewe. Nyingi zinalenga vizuri, na mtu anayejua anachonunua anaweza kuzitumia miaka yote bila bunduki yake kupata doa. Muuzaji mwaminifu anakuuzia debe likiwa bado limefungwa, lenye risasi 440 na maandishi yake ya Kirusi, na anakuambia waziwazi ukaoshe kwa maji. Huyu tunayemzungumzia anaficha, na anajua sababu. Tangu Septemba 7, 2021, Marekani ilipoacha kutoa vibali vipya vya kuingiza risasi za Kirusi, risasi mpya za aina hii zimekuwa adimu, na lebo inayosema hazileti kutu inamwezesha kudai bei kubwa zaidi.

Mliokwisha nunua, msitupe vikasha, lebo wala risiti, na pigeni picha za vitako vya maganda zinazoonyesha namba vizuri. Aliyelipa kwa kadi aandikie benki yake akipinga malipo kwa sababu bidhaa si ile iliyoelezwa. Texas ina sheria ya mwaka 1973 inayomlinda mnunuzi dhidi ya udanganyifu wa kibiashara, na malalamiko hupokelewa na kitengo cha kuwalinda wateja katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Kaka yetu amekwisha wasilisha yake pamoja na picha. Wengine wenye vikasha vyeupe vya namna hiyo nao wawasilishe, na wasimuuzie mtu mwingine risasi hizo kabla ya kuibandua lebo na kumweleza ukweli wa kilichomo.