Darasa la utenzi Tanga: mizani imeshibishwa, takriri imepunjwa

Mwalimu wa Kiswahili wa kidato cha tano na sita aliyeko Tanga, lipa ada ya elfu kumi kwa mwezi uende darasa hili la utenzi. Darasa ni Jumamosi alasiri, kwenye baraza ya malenga mmoja mzee tunayemwita Maalim, na kitabu ni kimoja tu: Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, yaani vita vya Wajerumani kuitwaa pwani. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliutunga mwaka 1307 Hijria, watu wa pwani wakiwa bado na vita vya Bushiri, aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani, vichwani.

Kwenye mizani, yaani hesabu ya silabi za kila kipande, Maalim hana mpinzani. Haandiki ubaoni, anapiga kiganja mezani. Alianza na jina la utenzi wenyewe: ku-ta-ma-la-ki m-ri-ma. Nane. Kijana mmoja akapata saba, ameimeza ile m ya Mrima. "Mwanangu, hiyo m ina pumzi yake, usiinyime," akamwambia, akampigisha tena na tena mpaka sikio likakubali. Akageuza: wa-da-chi ku-ta-ma-la-ki. Nane tena! Darasani kwangu sasa hatugusi daftari kabla ya kupiga meza.

Vina alivieleza kwa ufupi unaotosha. Ubeti una vipande vinne. Vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, cha nne kinabeba bahari, yaani kina cha kufungia ubeti, na bahari haibadiliki hadi utenzi uishe.

Nisipokubaliana naye ni kwenye takriri, yaani marudio. Kwake marudio ni msaada wa kumbukumbu, maana tenzi zilighaniwa mbele za watu. Sawa, lakini huu ni utenzi wa vita. Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani inapandisha bendera yake Pangani. Julai 1889 Wissmann, kamanda wa Wajerumani, anaiteka Pangani, siku chache baadaye Tanga hii hii. Desemba Bushiri ananyongwa. Msikilizaji aliyeyapitia hayo anapewa vipande vitatu vya habari, kisha bahari ileile inamrudia. Habari nyingine, bahari ileile. Kila ubeti unafungwa kwa sauti moja, awe anasikia ushindi au mauaji, na mimi nasikia humo watu wasiopewa nafasi ya kupumua. Jambo zito namna hiyo lilistahili kikao chake peke yake. Tulilipata mwishoni kabisa, watu wakijiandaa kwa magharibi.

Tena nakala za kivuli tunazogawiwa hazifai. Mashine imekata ukingo wa kulia, na ukingo wa kulia ndiko bahari iliko! Ukiweza, tafuta maktabani chapa yenye tafsiri ya J.W.T. Allen, unakili mwenyewe beti za wiki hiyo kwa mkono.

Nimeshalipia mwezi ujao, na nimemwomba Maalim atuanzishie na takriri, kabla ya kiganja kugusa meza. Amesema atafikiria.