Nilikwenda kupima presha, nikaulizwa maswali kumi ya pombe

Mimi ni seremala, Moshi mjini, umri miaka 46. Mwezi wa tatu nilikwenda kupima presha kwenye zahanati ya mtaani. Nesi alipomaliza akatoa karatasi ya maswali kumi kuhusu pombe. Ni dodoso la Shirika la Afya Duniani liitwalo AUDIT. Kenya ilikuwa kati ya nchi sita lilikotengenezewa miaka ya 1980, na la Kiswahili limefanyiwa utafiti hapa hapa Moshi.

Swali la pili ndilo lililonishika. Siku ukinywa, unakunywa vinywaji vingapi? Nikasema vinne. "Chupa kubwa, baba?" Ndiyo. Akanionyesha hesabu: bia ya nusu lita yenye kilevi asilimia 5 ina gramu 20 hivi, na kinywaji kimoja kwenye dodoso ni gramu 10. Kumbe vinne vyangu ni vinane! Miaka yote nilijihesabia nusu. Kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, alikwama, maana kata hazilingani na mbege ya leo si kali kama ya kesho. Wangeweka picha za vyombo vyetu wangetusaidia sana.

Swali la kumi: je, ndugu, rafiki au mhudumu wa afya ameingiwa na wasiwasi juu ya unywaji wako? Nilikaa kimya. Mama watoto analia nami tangu Krismasi. Hilo peke yake lina alama 4.

Nilipata 17 kati ya 40. Kuanzia 8 ni unywaji wa hatari. Kuanzia 20 unapelekwa kwa daktari achunguze kama umeshakuwa mtumwa wa pombe. Nesi hakunigombeza. Tulipanga siku za kunywa na idadi ya chupa, nami niandike kila chupa kwenye daftari.

Kasoro kubwa ni faragha. Niliulizwa mezani kwenye korido, watu wa foleni wakisikia. Nani atakiri mbele ya jirani kwamba asubuhi huanza na pombe?

Nilimweleza nesi habari za kaka yangu, anayekunywa kutwa. Akanionya asiache ghafla peke yake, kwani mwili uliozoea pombe ukikatishwa unaweza kupata degedege. Aje aonane na daktari kwanza. Kaka amekubali. Tunakwenda Jumatatu, na safari hii nitaomba chumba chenye mlango.