Plausible Analytics: naipenda, ila ile namba ya wageni iangalieni vizuri

Wenye websaiti mnaoulizana tutumie nini kuhesabu watu, mi nimekaa na Plausible muda wa kutosha kwenye websaiti yangu ya mapishi na naisifia kwa moyo mmoja, ila kuna jambo sioni watu wakilisema na kwa sisi ambao wasomaji wetu karibu wote wako kwenye simu ni kubwa mno.

Uzuri kwanza. Ni kampuni ya Estonia, skripti yao nyepesi kabisa, hata mtu mwenye mtandao wa kusuasua peji inamfungukia, dashibodi ni ukurasa mmoja tu na haiweki kuki (vifaili vidogo ambavyo websaiti inaviacha kwenye brauza ya msomaji ili imkumbuke akirudi). Unalipia, au kama unajua mambo ya seva kuna toleo la bure unajiwekea mwenyewe. GA4 (Google Analytics, ya kuhesabu wageni ya Google) ina mengi zaidi, na kama unauza vitu mtandaoni utayahitaji, kwa blogu ya pilau na kaimati mi naona ni mzigo.

Sasa hesabu yenyewe. Kwa kuwa hakuna kuki, Plausible inachukua anwani ya IP (namba ambayo mgeni anaingia nayo mtandaoni), inachukua na vile brauza inavyojitambulisha, inachanganya na domeni yako na namba ya siri inayobadilishwa kila siku, hapo inapata alama ya mgeni. Kwa hiyo msomaji wako wa leo akirudi kesho ni mgeni mpya, na kwa mwezi mzima mtu mmoja mwaminifu anaweza kuhesabiwa mara nyingi tu. Hilo wenyewe wameliandika wazi, nawaheshimu kwa hilo.

Lakini upande wa pili ndo unaotuhusu zaidi. Kampuni za simu zinawaweka wateja kibao nyuma ya IP moja kwa sababu anwani za IPv4, yaani IP za mfumo wa zamani, ni chache, halafu Chrome ya Android siku hizi haitaji tena aina ya simu, iwe Tecno iwe Samsung zote zinasema Android 10 na modeli "K". Yaani watu wawili wasiojuana, mmoja Mbagala mwingine Tabata, wakiwa na Chrome ya toleo moja na wakapitia IP moja siku hiyo hiyo, wanaweza kuhesabiwa mtu mmoja! Huku inazidisha huku inapunguza, na msidhani zinafutana, hakuna anayeweza kukwambia iliyobaki ni kiasi gani.

Na wala sio kwamba wengine wamepatia. GA4 inategemea kuki, mtu akiwa na simu na laptop ni wawili, na Safari inazifuta kuki za aina hiyo baada ya siku 7. Vizuia matangazo vinaziba zote mbili, Plausible na GA4. AWStats, programu ya takwimu iliyopo kwenye cPanel (paneli ya kusimamia hosting), inasoma logi za seva, yaani kumbukumbu za kila kilichoombwa kwenye seva, kwa hiyo hao wenye vizuia matangazo inawaona, ila roboti inayojifanya Chrome nayo inaingia kama binadamu, na ile safu ya "hits" jamani msiitumie kuuzia matangazo, kila picha kwenye peji ni hit yake.

Kingine, linki zikisambaa kwenye magrupu ya WhatsApp wanaobofya wengi wataonekana "Direct" tu hujui wametoka wapi. Dawa ipo, ongeza ?utm_source=whatsapp mwisho wa linki kabla hujaituma, Plausible inaisoma vizuri.

Mimi ninachokiamini pale ni idadi ya peji zilizofunguliwa na mwelekeo wake, Ramadhani ikiingia mapishi ya futari yanapanda naona waziwazi, na hiyo inanitosha kupanga niandike nini. Mtu wa matangazo akiniuliza nina wasomaji wangapi nampa peji zilizofunguliwa pamoja na waliobofya linki yake, wageni simtajii.

Nyota nne kati ya tano, na nikiambiwa nichague upya naichukua hii hii.