Bluzi kwenye ukulele: uanze na kii (sauti ya msingi ya wimbo) ya A au ya C?

Wengi wanaanzia C kwa sababu kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya C ni kidole kimoja tu, na C7 vilevile, kidole kimoja freti (nafasi kati ya vyuma vya shingoni) ya kwanza uzi wa A, sasa shida inakuja ukifika F7, hiyo inataka vidole vyote vinne (2313, yaani namba za freti kwa nyuzi za G, C, E na A, 0 ni uzi wazi) na mtu wa wiki ya kwanza anakwama hapo hapo, mdundo unakatika. G7 haina tabu.

Kii ya A kwangu ndo ya kuanzia kabisa. A7 ni kidole kimoja, freti ya kwanza uzi wa C, zingine unaziacha wazi. D7 piga ile nyepesi ya 2020, vidole viwili, E7 ni 1202. Mzunguko wa bluzi wa vipimo 12 unaenda hivi: A7 vinne, D7 viwili, A7 viwili, halafu E7, D7, A7, na cha mwisho E7 ya kukurudisha mwanzo. Piga polepole jamani, mguu ugonge chini, usikimbilie spidi.

Na kuna raha nyingine, nyuzi zikiwa wazi ni G, C, E na A, zote nne zimo kwenye skeli ya pentatoniki (ya noti tano) ya A maina, kwa hiyo ukitaka kuchombeza solo hata uzi mtupu unaingia vizuri. Kwenye C, ukitumia pentatoniki ya C maina, uzi wazi wa E na wa A haumo.

Ila kama sauti yako inakaa vizuri kwenye C na unataka kuimba, basi vumilia F7, kila siku ibadilishe na C7 taratibu mpaka vidole vizoee.