Kunguru wa Bagamoyo, na kamera ndogo ipi ununue

Shangazi ndiye aliyemwona kwanza. Tulikuwa sebuleni kwake Magomeni tunatazama picha za Bagamoyo kwenye televisheni, jahazi linaingia, anga la asubuhi halina hata wingu, mara akauliza, "Huyu kunguru mbona haruki?" Nikarudi picha tatu nyuma. Kunguru yupo. Nikaenda kumi mbele. Yupo palepale, juu kidogo kushoto, jahazi liwepo lisiwepo. Tulipofika kwenye picha ya binamu yangu mbele ya ukuta wa chokaa, kunguru naye kahamia ukutani.

Ilikuwa punje ya vumbi. Imekaa juu ya sensa, kile kipande kinachopokea mwanga na kuwa picha, ya kamera niliyoinunua wiki mbili nyuma kwa laki saba na nusu, Kariakoo, kwa kaka aliyeniapia kwamba "hii haijaguswa, dada, ni kama mpya". Chapa yake siitaji, maana kiwanda hakina kosa. Nikairudisha. Akachomoa lenzi, akapuliza ndani kwa mdomo. Kwa mdomo, jamani, na mate yake. Halafu akashika pindo la fulana, akapangusa. Nilipofika nyumbani kunguru alikuwa na watoto wawili, na chini yao kumetanda ukungu wa mafuta. Risiti imegongwa muhuri mwekundu: mali ikishauzwa hairudishwi.

Kwa hiyo mnaponiuliza mnunue kamera gani ndogo ya kubadilisha lenzi, ya kuingia mfukoni, megapikseli sizijadili. 4K ya video nayo sijadili. Zote nitakazozitaja zinatoa picha ya kuning'iniza ukutani. Mimi nataka kujua zinaishi vipi na vumbi, kwa sababu mji wetu huu ni vumbi na chumvi, na ukienda Dodoma ni vumbi peke yake.

Kamera za zamani za kitaalamu zilikuwa na kioo ndani, na nyuma ya kioo pazia la shata, lile linalofunguka unapopiga picha, limefungwa. Ukitoa lenzi, sensa ina milango miwili mbele yake. Hizi ndogo hazina kioo, ndiyo maana zikawa nyembamba, na shata lake hukaa wazi ili uone picha kwenye skrini. Ukitoa lenzi, sensa iko uchi. Canon walipotoa EOS R mwaka 2018 waliifanya ifunge shata ukiizima, lakini lile ni dude la kubeba begani. Hawa wadogo wa mfukoni, wanaobadilishiwa lenzi kwenye daladala, wakanyimwa.

Na vumbi lina ujanja. Tundu la lenzi likiwa wazi, tuseme f/2.8, mwanga unaifikia sensa kutoka pande nyingi na kivuli cha punje kinayeyuka. Ukilibana hadi f/11 au f/16, kama kamera zinavyofanya kwenye jua kali, mwanga unapita kama kwenye tundu la sindano, na kivuli kinajichora vizuri kabisa. Picha nilizopiga dukani chini ya taa zilikuwa safi kwa sababu hiyo.

Ukienda kununua, fanya hivi. Weka kamera kwenye A, yaani tundu unalichagua mwenyewe, weka f/16, elekeza kwenye karatasi nyeupe au angani nje ya mlango, vuruga fokasi makusudi, piga mbili huku unausogeza mkono. Kisha ikuze picha kwenye skrini na uitembelee kona hadi kona. Doa lililo sehemu ileile kwenye picha zote mbili liko kwenye sensa. Muuzaji akikwambia "ukifungua umenunua", msalimie uondoke. Na huku pwani mulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka nyuma: ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu, mrudishie hata kama anakupa bure.

Sasa mpangilio wangu. Mimi ni mtu wa Olympus, sifichi.

Namba moja ni Olympus PEN, E-PL7 ya mwaka 2014, au E-PL8 na E-PL9 zilizofuata. Olympus walianza vita na vumbi mwaka 2003 kwenye kamera yao ya E-1. Mbele ya sensa kuna kioo chembamba kinachotikiswa zaidi ya mara 30,000 kwa sekunde kila unapoiwasha. Wengine nao siku hizi wana mitikisiko yao, ila baadhi hutikisa kidogo tu, wakaridhika. Kuna jambo jingine ambalo hakuna muuzaji atakayekwambia: kwenye mfumo huu wa Micro Four Thirds, ambao Olympus na Panasonic wanachangia sensa na lenzi, vioo vilivyo mbele ya sensa kwa pamoja vina unene wa kama milimita 4. Punje ikigoma kudondoka, inakaa mbali na sensa, na kivuli chake kinakuwa ukungu hafifu badala ya kunguru. Yangu ya E-PL7 nimeinunua baada ya yale masaibu, nimebadilisha lenzi stendi ya Chalinze mabasi yakinipita, na bado naisubiri alama ya kwanza.

Ina gramu 357 pamoja na betri na kadi. Kwenye mfuko wa suruali ya kubana haiingii, kwenye mfuko wa dera inaingia, mradi lenzi iwe bapa. Sensa yenyewe husogea kutuliza picha mkono ukitetemeka, na skrini inashuka chini kwa wapenda selfi. Lenzi ya umeme ya milimita 14-42 inayouzwa nayo ni nyembamba sana, ila siipendi: ina utepe wa umeme ndani ambao hukatika kwa kuingia na kutoka, na fundi wa kuubadilisha utamtafuta. Chukua Panasonic 12-32, ya kuzungusha kwa mkono, gramu 70, kukuza kwake hakutegemei mota. Bodi, yaani kamera bila lenzi, ya Olympus na lenzi ya Panasonic ni ndoa halali, mfumo ni mmoja tangu kampuni hizo mbili zilipouanzisha mwaka 2008. Wenye mfuko mdogo zaidi, wa nguo na wa pesa, watafute E-PM2 ya 2012, gramu 269.

Namba mbili, Panasonic GM1. Hii ndiyo ya mfukoni kwelikweli: ilipotoka mwishoni mwa 2013 watu walidhani ni mzaha, unene milimita 30, gramu 204, sensa ileile kubwa. Vumbi inalimudu vizuri. Betri ndiyo aibu, picha kama 230 basi, harusini utaishiwa kabla ya keki. Ndugu yake wa 2017, GX850, ina skrini ya kuinuka, lakini inatumia kadi ndogo za simu. Ukiiangusha kadi mchangani Kigamboni umeaga.

Ya tatu ni Sony a5100. Fokasi yake ina kasi, kwa watoto wanaokimbia hakuna ya bei yake inayoifikia, na unaichaji kwa waya wa kawaida wa USB. Lakini sensa ni kubwa zaidi, yaani uwanja mpana zaidi wa vumbi kutua, na bodi haina kitulizo cha mtetemo. Kuweni macho pia na zilizouzwa Japani: zina lugha ya Kijapani tu kwenye menyu, na humo huibadilishi. Tumeshazoea redio za magari kutusalimia kwa Kijapani, ila redio huhitaji kuiambia f/16.

Fujifilm X-M5 ya 2024 ni nzuri na nimeishika. Ilitoka kwa dola 799 bila lenzi. Ukiulizia hapa utatajiwa bei, kisha muuzaji atatazama simu uliyoshika na kuipandisha. Sababu ni dola, siku zote ni dola. Dola ikishuka mbona siambiwi?

Za bei rahisi: Nikon 1, Pentax Q, Samsung NX mini, Canon M. Zote mifumo yake imekufa. Nikon walifunga yao 2018, Canon wakafuata 2023. Lenzi uliyonayo ndiyo utakayozikwa nayo. Ukipewa Canon M200 zawadi, pokea.

Mkishanunua, zima kamera kabla ya kutoa lenzi, uso wake uangalie chini, mgongo wako uelekee upepo, na lenzi ya pili iwe tayari mkononi. Kanga isifanye kazi ya kitambaa, ina nyuzi. Nunua pampu ya mpira ya kupulizia. Ile ya famasi ya kusafishia pua za watoto wachanga inafanya kazi, mradi iwe mpya na kavu. Na dai kifuniko cha nyuma cha lenzi kabla hujatoa pesa. Yule kaka wa fulana alikiweka droo tofauti. Nilipokumbuka siku ya pili, akaniuzia kwa elfu kumi na tano.